Nani Atajibu Ukutani?

Mheshimiwa Meya wa jiji letu, Mwenyekiti wa kampuni, ambaye ndiye mwenye hoteli hii na majengo mengi ya mtaa huu, Meneja Mkuu, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu wa mapokezi, wa vyumba, wa jikoni na wa kufulia, na wewe mama yangu mzazi, uliyekaa pale karibu na mlango kwa sababu umekataa katakata kusogezwa mbele: habari za mchana.

Nimeambiwa niseme machache. Mstaafu akiambiwa aseme machache, maana yake chakula kiko tayari. Nitajitahidi. Lakini mnivumilie, na nikikosea kusoma karatasi hii msisingizie uzee. Ninaogopa. Nimesimama nyuma ya kaunta ya mapokezi tangu sina mvi hata moja, nimepokea mabalozi, wacheza mpira, na maharusi waliokwisha kugombana ndani ya teksi, na sikuogopa. Leo naogopa mbele ya watu ninaowafahamu.

Wengi wenu hamjui jina langu. Mnaniita Karibu, kwa sababu ndilo neno nililolisema kuliko mengine yote maishani. Mama naye huniita hivyo akitaka kunikera. "Karibu, njoo ule, au mpaka mgeni akutangulie?"

Meneja Mkuu ametusomea takwimu nzuri. Wageni wanaongezeka kila msimu, vyumba vinajaa, jiji linapata kodi yake, vijana wanapata kazi. Ni kweli tupu. Sitaki mtu atoke hapa aseme Karibu kawatukana wageni siku ya kuagwa. Wanangu wamesomeshwa na wageni. Viatu nilivyovaa ni vya wageni. Na ule mwaka ambao hawakuja kabisa, mnaukumbuka? Viti vya ukumbi huu tulivifunika mashuka kama maiti. Dereva teksi wetu wa pale mlangoni alikuwa anaosha gari lisilochafuka. Muuza maua alifunga duka. Kinyozi wa kona alibaki kunyoa shemeji zake, bure. Mimi nilikuwa nasimama kaunta, naangalia simu isiyolia. Hapo ndipo tulipojua kwamba jiji zima linakula kwa mkono mmoja, na mkono huo si wetu.

Kwa hiyo hofu ya wageni kutokuja naijua, na kila aliyekaa humu anaijua. Leo nimekuja na hofu ya pili, ambayo hatuizungumzi kwa sababu imevaa nguo za sherehe. Naogopa namna wanavyokuja.

Zamani mgeni alikaa. Alifika na sanduku zito, akauliza fundi wa kumpunguzia suruali, akajua muuza magazeti ana watoto wangapi, akirudi mwaka unaofuata anamuulizia hadi paka wa jikoni. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa leo siku ya tatu yuko mji mwingine. Hilo jembe tumpe nani? Anakuja na begi la magurudumu, krrr krrr krrr kwenye ngazi, anapiga picha, analala, anaondoka. Simlaumu. Nauli ni rahisi, likizo ni fupi, na simu yake imemwambia akalale mtaani, penye wenyeji, aone maisha halisi.

Na hapo ndipo biashara ilipobadilika. Kampuni yetu ikaanza kuchukua nyumba za kupanga ng'ambo ya barabara, moja baada ya nyingine, ikazipaka rangi, ikazifanya vyumba vya wageni. Mgeni anapewa ufunguo hapa kaunta kwetu, anavuka, anaenda kulala penye wenyeji. Faida ikapanda. Kodi za nyumba nazo zikapanda, na wenyeji wakashuka ngazi na magodoro yao. Mwalimu amehama. Muuguzi amehama. Fundi cherehani amehama, na pale kwake sasa panatunzwa mabegi. Wenzangu wanaotandika vitanda vya mtaa huu hawawezi tena kupanga chumba kwenye mtaa huu. Wanaamka kabla ya jogoo ili wafike hapa. Sasa nauliza kwa heshima zote: huyo mgeni aliyekuja kuona maisha halisi, anayaonea wapi? Tumemuuzia wenyeji, halafu tumewaondoa wenyeji.

Ndugu zangu, mimi na mama tunakaa katika jengo lile la ng'ambo lenye madirisha ya kijani, ghorofa ya tatu. Ukuta mmoja tu ulitutenganisha na mzee tuliyemwita Fundi Saa, kwa sababu alitengeneza saa za mtaa mzima, ingawa ya kwake haikuwahi kwenda sawa. Yeye mjane, mama mjane, miguu yao wote wawili imechoka. Basi walikuwa na mtindo wao. Asubuhi mama anagonga ukuta kwa mwiko, mara tatu: nimeamka. Fundi Saa anajibu kwa mpini wa bisibisi: na mimi pia. Asipojibiwa mmoja, mwingine anaita watu. Ni hivyo tu. Haikuhitaji umeme wala mkataba.

Siku mama alipochelewa, mzee alipiga kelele dirishani. "Ee bibie! Nilishaanza kutafuta suti ya msiba!"

Naye mama akajibu, "Ivae tu, nondo wameshaila, wamekuachia kola!"

Fundi Saa alihamia kwa mwanawe, mbali, mwisho wa jiji. Chumba chake kikawa cha wageni. Nikamwambia mama, aache sasa kugonga, hakuna anayeelewa. Akasema, "Mtu ni mtu. Akisikia hodi ataitika." Akaendelea. Na kuna wageni waliojibu, Mungu awabariki, walidhani ni mchezo.

Mwezi uliopita, asubuhi, nikiwa huku kwenye kikao cha kuandaa sherehe hii hii, mama aliteleza jikoni. Nyonga ikamshika, hakuweza kuinuka. Simu iko mezani, haifikii. Mwiko ulikuwa umeanguka naye. Akagonga ukuta. Akagonga, akapumzika, akagonga tena.

Mgeni wa upande wa pili alisikia. Akapiga simu hapa mapokezi, akasema jirani anafanya fujo, hajalala vizuri. Dada wa zamu aliyepokea simu ile yuko humu ndani, na ninamwomba asiinamishe kichwa. Alifanya kazi yake barabara. Mgeni akilalamika usibishane naye. Mwombe radhi, mhamishe, mpelekee matunda. Ndivyo tunavyofundishwa wote, na hata mimi ningefanya vivyo hivyo. Mgeni akahamishwa, akala matunda yake, akatuandikia sifa kwamba huduma yetu ni ya haraka. Na mama yangu akabaki anagongea chumba kitupu.

Nilimkuta jioni. Bado ameshika mwiko. Aliniambia kwa sauti iliyokauka, "Karibu, hakuna mtu upande ule?"

Mama amepona, anatembelea fimbo, na leo amekuja, na ameichukia chai ya hoteli. Mimi ndiye sijapona. Nikilala nasikia mlio wa mwiko. Nimetafuta wa kumlaumu, nikamkosa. Kila mtu alifanya sawasawa. Hilo ndilo linaloniogopesha, waheshimiwa. Uzembe ungekuwa na dawa. Mji ambao kila mtu anafanya kazi yake vizuri na bibi kizee anashinda sakafuni, dawa yake mimi siijui.

Mwenyekiti, umetutangazia leo kwamba mpango wa pili unaanza, na jengo la madirisha ya kijani litakuwa la wageni lote, juu hadi chini. Makofi yamepigwa. Mikono yangu ilikataa kupiga, samahani. Mkataba wetu wa kupanga uko mezani kwako na unajua unakwisha lini. Mheshimiwa Meya, kibali nacho kiko mezani kwako, bado hujakitia saini. Rafiki yangu mmoja jana aliniambia, "Karibu, chukua hiyo saa ya ukutani watakayokuzawadia, shukuru, ukae. Funika kombe mwanaharamu apite." Nililifikiria sana, nikiri. Najua kuanzia kesho sina kinga ya kaunta. Mwenye nyumba akikasirika, mimi na mama tutashuka zile ngazi kama wengine, na hakuna atakayenipelekea matunda.

Siombi mfukuze wageni. Tutakula nini? Naomba kitu kidogo, na nakiomba nikiwa nimeogopa: katika kila ghorofa mnayoichukua, acheni nyumba moja ya mwenyeji, kwa kodi ya mwenyeji. Moja. Kila ukuta uwe na mtu upande mmoja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema apone, hawakusema ahame.

Nawashukuru sana kwa saa hii mliyonipa. Nitampelekea Fundi Saa aiharibu. Nawashukuru wenzangu wa kaunta kwa kunivumilia, wa jikoni kwa kunificha kila nilipokimbia malalamiko, na viongozi kwa kuniacha nimalize.

Kabla sijaketi, nina ombi la mwisho. Mama, ule mwiko najua umo ndani ya mkoba wako. Utoe. Gonga hapo mlangoni, kama asubuhi.

Mmesikia? Mara tatu.

Asanteni, watu wa jikoni, nimewasikia mkigonga. Asante dada wa mapokezi. Na kule kwa wa kufulia, asanteni. Mama, unaona, wapo.

Mwenyekiti, mkono wako bado uko mapajani. Mheshimiwa Meya, na wako pia. Meza kuu ni ya mbao nzuri, hata kidole kimoja kingesikika.

Mmenipa masikio yenu, nami nawashukuru kwa hayo. Mama, gonga tena.