Arlys Tollefson na Baruti Aliyoacha Mumewe

Mama yetu mpendwa, Arlys Marie Tollefson, alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 kwenye shamba la ngano la wazazi wake, Nels na Inga Brekke, karibu na Judith Gap, Montana. Theluji ilikuwa imefunga barabara, hivyo bibi yake ndiye aliyempokea.

Alimaliza sekondari Harlowton mwaka 1959, akaajiriwa jikoni shuleni. Mikate yake ya mdalasini, iliyoliwa pamoja na maharage ya pilipili, bado inatajwa na watu wenye mvi.

Tarehe 17 Juni 1961 alifunga ndoa na Delmar Tollefson, fundi wa matrekta. Walijaliwa watoto wawili: Corinne, anayesoma maneno haya, na Lyle. Kila majira ya baridi Delmar alijaza upya maganda ya risasi zake mezani, Mama akipima baruti kwa mizani.

Baba na Lyle walikosana vibaya kuhusu shamba la familia. Lyle akahamia Idaho, wala hakuja kumzika baba yake mwaka 2009.

Baba aliacha kopo la baruti ambalo halijafunguliwa. Bunduki yake kubwa, iliyotumia baruti hiyo, alikuwa ameshaiuza, bega lilipoanza kumsumbua. Mdogo wake, Gordon, akamwambia Mama, "Shemeji, mwaga kwenye maua. Ni mbolea hiyo."

"Maua yangu hayana njaa, Gordon."

"Basi jazia risasi za kile kibunduki chako cha kuwindia."

"Baruti hii inaungua polepole. Kwenye ganda langu dogo risasi itatoka ikikohoa. Inataka ganda lenye tumbo na shingo nyembamba."

Akafungua kitabu cha vipimo, akapitia risasi moja baada ya nyingine. Iliyofaa kabisa ilikuwa ya bunduki ya kuwindia iitwayo mbili-sabini. Katika ukoo mzima, mwenye bunduki hiyo alikuwa Lyle tu. Mama alikaa mpaka kahawa ikapoa, kisha akapiga simu.

"Lyle, bado unayo mbili-sabini yako?"

"Ninayo, Mama. Kuna nini?"

"Nina baruti ya baba yako. Inaikubali bunduki yako tu."

"Sina haki nayo, Mama."

"Nani kakuuliza haki? Nakuuliza kama unakuja."

Alikuja. Walijaza pamoja, wakianzia kipimo cha chini, na Novemba wakapanda vilimani. Mama alimpiga kulungu kwa bunduki ya mwanawe. Wakiwa wanachuna, Lyle akamwomba baba yake radhi kwa sauti, palepale kwenye theluji. Mama aligeuka akatazama mlima mpaka mwanawe alipomaliza kulia.

Mwaka 2021 moyo wa Mama ulianza kuchoka, na Lyle akarudi kuishi naye. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 2 Februari 2023, tukiwa kando yake. Usiku uliotangulia aliniambia, "Corinne, mpikie kaka yako. Hata mayai yanamshinda."

Ameacha watoto wawili, wajukuu wanne, na shemeji yake Gordon.

Lala kwa amani, Mama. Tumekuja wote.