Anayenunua Kadi za Dubik

Nje ya duka la kadi la Lorraine, mtaa wa Algoma, mjini Thunder Bay, kuna benchi lililookolewa siku uwanja wa barafu wa mtaani ulipobomolewa, na mbao zake bado zina makovu ya viatu vya chuma vya kutelezea. Jumamosi asubuhi lina wenyewe. Redio, ambaye mama yake alimwita Delmar, huegesha teksi yake mahali pasiporuhusiwa na kuanza kusema kabla hajafunga mlango. Refa, yaani Noreen, aliyepuliza filimbi kwenye mechi za wasichana hadi magoti yalipomkatalia, huja na chupa ya kahawa na haruhusu mtu mwingine amimine. Bomba ni Guido, fundi bomba, mtu mfupi ambaye hasira zake hazikai mbali. Wa nne ni Arvo Lehtinen, mstaafu wa kiwanda cha mbao, na wanamwita Msumeno kwa utani tu, maana ni mpole kupita kiasi. Jumamosi hiyo ya Aprili theluji ilikuwa inayeyuka kando ya barabara, chafu kama maji ya deki, na Bomba alikuwa amekaa huku mkono wake umeshikilia koti kifuani. Ndani ya koti kulikuwa na bahasha.

— Leo naingia, naitoa kabatini. Na mtu asinishike shati, Bomba alisema.

— Hela ya nini hiyo? Refa aliuliza.

— Hela yangu.

— Guido. Nimekuuliza ni ya nini.

— Ya paa.

— Paa gani? Lile mkeo Pina analolilia tangu vuli?

— Linavuja upande mmoja tu, bwana! Mnakuza mambo.

— Upande gani?

— Wa chumbani.

— Upande wako wa kitanda au wa Pina?

Bomba alikunywa kahawa yake yote kwa mkupuo mmoja, ikamuunguza.

— Wa Pina, alisema.

— Aa, basi si lako hilo paa! Redio alidakia, akacheka mwenyewe.

Kilichokuwa kabatini kwa Lorraine ni kadi ya Kellan Dubik, mchezaji wa hoki, yenye sahihi yake na kipande cha jezi aliyoivaa. Ilichapishwa moja tu, dunia nzima. Mwaka mmoja nyuma Dubik huyohuyo alikuwa kwenye boksi la mlangoni, lile la kadi zisizo na mwenyewe, unachota konzi unamwachia Lorraine sarafu. Sasa kadi zake za kawaida tu zilikuwa ndani ya plastiki ngumu, na hiyo ya sahihi bei yake ilitosha paa zima, na mabati ya kubaki.

Nani aliyekuwa akizinunua? Hilo ndilo swali lililokuwa likiila Thunder Bay nzima, au angalau benchi hili. Kwenye mnada wa mtandaoni kulikuwa na mtu anayejiita Samaki Mweupe. Kadi ya Dubik ikitokea popote, Samaki Mweupe anaimeza.

Samaki Mweupe alikuwa Arvo.

Dubik ni mtoto wa binti yake, aliyeolewa Saskatoon na kuchukua jina la mume. Arvo hakuwahi kulisema hilo benchini, kwa sababu alilijua benchi lake. Mchezaji akikosa goli moja hapa huchunwa ngozi kabla kahawa haijapoa. Masika iliyopita kijana alikuja kumtembelea, wakapita dukani siku ambayo hapakuwa na mtu, naye akaiona sura yake kwenye boksi la mlangoni. Alicheka, akaigeuza kadi ile kifudifudi, akairudisha taratibu. Arvo hakulala vizuri siku zile. Kijana alipoondoka, babu alizichota zote boksini, kisha akaanza mtandaoni, kila jioni akitoka kwenye mvuke wa sauna na taulo bado kiunoni. Alitaka tu mtoto asilale kwenye boksi. Bei ikapanda, watu wakaiona ikipanda, nao wakaingia.

Angeacha. Lakini wakati wa baridi, goti la Kellan lilipopasuliwa mara ya pili na daktari akamwambia sasa inatosha, aache hoki, kijana alipiga simu na sauti yake ilikuwa na furaha. Babu, alisema, kuna mtu ananinunua. Mtu hatupi hela zake hivihivi. Huyo anaona kitu ambacho daktari hakioni. Arvo alijibu neno moja tu, "labda", na tangu siku hiyo alilijutia. Wiki iliyofuata kijana alikuwa anarudi kwa mpasuaji mara ya tatu, ili acheze tena, na leo alikuwa njiani kuja kumwona babu yake. Arvo alimwambia amsubiri nyumbani, supu ya samaki iko jikoni.

— We Bomba, ulianzaje ugonjwa huu? Refa aliuliza. Nataka nijue nitamwambia nini Pina.

— Mimi? Nilianza na ubani wa kutafuna. Pakiti ilikuwa senti chache, unapata ubani mgumu kama kigae na kadi za wachezaji. Wale wabovu tulikuwa tunawabana kwenye spoku za baiskeli, wanalia tratratra mtaa mzima.

— Na leo?

— Leo pakiti moja ni chakula cha jioni cha familia, na ubani hakuna!

— Mimi nilianzia kwenye simu, Redio alisema. Jamaa anafungua maboksi, nyie mnamtazama, kila mtu amelipia timu yake, kadi za timu hiyo zikitoka ni zake. Mke wangu akaniuliza, unatazama nini saa zote? Nikamwambia hali ya hewa.

— Ukapata nini?

— Nimepata kujua hali ya hewa.

Refa hakucheka.

— Mimi kaka yangu alikuwa na boksi la viatu limejaa, alisema. Alipofariki, mama akalichoma kwenye jiko la sauna, hakuweza kulitazama. Kulikuwa na golikipa mmoja humo kaka alimpenda sana. Namtafuta mpaka leo, na kila nikimkaribia, bei inanikimbia. Kwa hiyo mimi siwacheki, Guido. Ila mimi silali chini ya maji.

Hapo ndipo gari dogo la rangi ya bluu lilipoegeshwa ng'ambo ya barabara, na kijana mrefu akashuka, akivuta mguu. Alikuwa na ndevu na kofia ya sufu. Arvo alitikisa kichwa kidogo, hapana, rudi. Kijana alidhani ni utani wa babu. Akaja.

— Pana nafasi? aliuliza.

— Karibu, kijana, keti, Redio alisema. Refa, mmiminie. Chukua na andazi, Peshen hiyo hapo.

Kijana alichukua andazi lenye sukari ya waridi, akaketi mwisho wa benchi. Hakuna aliyemtambua. Kwenye kadi Dubik ana helmeti na hana ndevu, na watu hawa hawakuwa wamemtazama pengine popote.

— Unafuatilia hoki? Bomba alimuuliza.

— Kidogo.

— Dubik unamjua?

Kijana alimtupia Arvo jicho, akatabasamu.

— Nimemsikia.

— Basi kaa hapa upate elimu bure, Redio alisema, akimwonyesha kwa fahari kadi ya Dubik aliyoitoa mfukoni. Kuna mtu anamnunua huyu Dubik kimyakimya. Mimi nimefanya uchunguzi. Ni tajiri wa mafuta, Calgary. Anataka kuinunua timu, ila kwanza ananunua wachezaji kwa karatasi.

— Acha hizo! Bomba alisema. Ni daktari wa timu. Amemwekea goti la madini, yale ya kuundia ndege. Dogo akirudi atapita watu kama wamesimama. Daktari anajua, ndiyo maana ananunua.

— Goti la madini! Redio alidakia, tajiri wake ameshamsahau. Sasa uwanja wa ndege atapitaje, king'ora si kitalia mpaka kesho? Nisikilize mimi. Ni mashine. Kuna kompyuta mahali, imeshacheza mechi zote za miaka kumi ijayo. Imemwona Dubik amebeba kombe. Samaki Mweupe si mtu, ni mashine!

— Na mashine inakosea? Bomba aliuliza, akimgeukia kijana. Eti, mashine inakosea?

— Sidhani, kijana alisema. Alikuwa anacheka, lakini mashavu yamepata rangi, na mguu mbovu aliuweka mbele yake kwa upole. — Lazima kuna anayejua kitu. Watu hawatupi hela hivihivi.

— Umemsikia, Refa? Umesikia kijana mwenye akili? Bomba alisimama, akaitoa bahasha. Basi. Mimi naingia.

— Guido, paa, Refa alisema.

— Nitamjengea mapaa matatu!

Arvo aliitazama bahasha, halafu akamtazama mjukuu wake. Akinyamaza, Bomba anaingia. Akisema, kijana anasikia. Alimchukia Bomba dakika hiyo, akajichukia zaidi mwenyewe. Bomba alishashika kitasa.

— Guido. Usinunue.

— Kwa nini?

— Ni mimi.

— Ni wewe nini?

— Ninayenunua. Samaki Mweupe. Hakuna tajiri, hakuna daktari. Nimezijaza kadi kwenye makopo ya kahawa, chini ya ngazi.

Redio aliangua kicheko. Bomba hakucheka. Alirudi polepole, uso umemwiva.

— Ahaa. Mpole wetu. Umekaa hapa majira yote ya baridi unatusikiliza, na wewe ndiye unayejua!

— Sijui kitu chochote, Guido.

— Usinidanganye! Umebakiza hii ya sahihi, ndiyo maana hutaki niiguse. Unanitisha nikimbie ili uichukue wewe! Rafiki gani wewe?

— Chukua simu yangu, utazame.

Refa ndiye aliyeichukua. Alivaa miwani, akatelezesha kidole chini, na chini tena, na chini. Kadi ya Dubik, Dubik, Dubik. Wengine wote waliowahi kupandisha dau walikuwa wanamfuata yeye, na alipopumzika wiki moja, nao walipumzika.

— Ni yeye peke yake, Refa alisema kwa sauti ndogo. Guido, rudisha hela mfukoni. Bei yote hii ni Arvo.

— Lakini kwa nini? Bomba alipiga kelele. Mtu mzima, huna hata gari la maana! Goti la huyo mtoto limekufa, ligi kuu hawamtaki, kila mtu anajua! Umeona nini kwake?

Arvo alifungua mdomo, lakini macho yake yalishakwenda mwisho wa benchi, na mmoja mmoja wote wakayafuata. Kijana alikuwa ameliweka andazi chini. Alivua kofia. Redio alimtazama, akaitazama kadi aliyokuwa amemwonyesha kwa fahari, akamtazama tena, na kadi ikamwanguka kwenye maji ya theluji. Bomba alishusha bahasha taratibu na kuificha nyuma ya mgongo kama aliyekamatwa na kitu cha kuiba.

Kijana hakuwatazama wao.

— Babu, alisema. Kwa hiyo hakukuwa na mtu mwingine? Hata mmoja?

Arvo alimtafuta Refa kwa macho, na Refa akayashusha yake kwenye chupa ya kahawa. Redio, ambaye tangu azaliwe hajakosa la kusema, aliinama, akaiokota kadi majini na kuifuta kwenye shati lake.