Chumba Kilichomwitikia Mama

Dada zangu wa kikundi, assalaam alaykum. Nimeambiwa niseme machache, na nyote mnajua mie machache siyawezi, basi nivumilieni. Wengine humu nyumba zenu zimefika madirishani na mna mafundi mnaowaamini. Hili la leo ni lenu kabla hamjaezeka. Majina sitayataja, maana aliyekosa ni mtu wangu, na aliyeniokoa hapendi kusifiwa.

Nilipoachika nilirudi hapa Jadida kwa mama, kwenye kibanda kinachovuja pembe zote. Mama alishakuwa haoni. Nikachuma karafuu za watu, nikashona makuti, nikauza muhogo, mpaka nikapata pa kuanzia. Nilitaka kitu kimoja tu: mama afe ndani ya chumba kikavu. Kiwanja tunacho, cha marehemu baba. Fundi nikampata bila kutafuta, mume wa dada yangu. Nani atamwacha shemeji yake akamfuate mtu baki?

Siku walipochimba msingi, shemeji alikuja kibandani uso umemsawijika. Akasema pale mahali pana wenyewe, majini wa kale. Pazindikwe, na pakishazindikwa mtu wa nje asitie mguu mpaka paezekwe, zindiko lisije likavunjika. Nanyi mnatujua sisi Wapemba, nani atabisha hilo? Tukafukiza ubani, tukachinja jogoo, mganga akafukia vyake. Toka hapo nyumba yangu ikawa mwiko kwa macho ya watu.

Kuta zikapanda. Kwenye chumba cha mama ukatokea ufa, toka chini mpaka kimo changu. Shemeji akauziba. Ukarudi, mstari ule ule. Akauziba tena, ukarudi tena. Chumba kile kilikuwa na baridi hata jua la utosi. Nje kuku wanahema, ndani wewe unajikunyata. Kisha nikaanza kuona kuwa shemeji mwenyewe haingii humo peke yake. Akisahau ndoo ndani, ananituma mie.

Adhuhuri moja nikampeleka mama akaguse kuta za chumba chake. Nikamwacha mlangoni, nikaenda kuchukua mkeka. Niliporudi alikuwa kasimama katikati, kainamisha kichwa kama anayenong'onezwa na mtoto.

"Mwanangu," akasema, "humu mna nani?"

Nikamwambia hamna mtu.

"Nimepiga hodi, nimeitikiwa. Huko chini."

Ndugu zangu, nikamwendea hapo hapo katikati. Nikajikaza, nikapiga hodi mie mwenyewe, kwa sauti ndogo. Chumba kikanirudishia hodi yangu, polepole, kwa sauti nzito kuliko yangu. Nilimshika mama mkono tukatoka, viatu tukaviacha.

Hapo ndipo nilipoanguka. Chakula kilinikataa, nikakonda, nikawa nashtuka hata nikisikia mlango wa jirani. Watu wakasema nimejenga juu ya makao ya wenyewe na sasa wananidai. Shemeji akasema tuzindike upya. Na siku ya kushindilia sakafu imekaribia. Nyinyi mlishaahidi kuja na michi yenu na nyimbo zenu, mkanyage kwa pamoja kama tumfanyiavyo kila mwenzetu. Nawaandalia mchele, na moyoni nataka kukimbia.

Jirani yangu mmoja, yumo humu na kainamisha uso makusudi, akaja kunitazama. Nikamweleza yote. Hakuniletea kombe la dua ninywe, wala hakunihurumia. Akauliza, "Tangu msingi uchimbwe, nani kaiangalia nyumba hii asiyekuwa fundi?"

Nikamjibu hakuna, pana zindiko.

"Na hilo zindiko linamkinga nani, wewe au yeye?"

Nilimkasirikia, wallahi. Kumleta fundi wa pili kukagua kazi ya shemeji ni kumvua nguo hadharani. Lakini lile swali lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Mwisho nikapeleka salamu kwa fundi mmoja wa Kengeja, asiyetujua wala tusiyehusiana naye, naye akaja kwa gari la abiria. Shemeji nikamwita pia, ili lisemwe mbele yake.

Bwana yule alikataa chai yangu. Alisema atakunywa akimaliza, asije akakagua huku anakumbuka utamu wa sukari yangu. Habari za wenyewe hakutaka kuzisikia. Akateremsha uzi wa timazi kupima wima wa ukuta, akaguna. Kisha akaomba mchi wangu wa kinu, akawa anagonga chini, toka pembe hata pembe. Pembeni ardhi ilikuwa nzito. Katikati mlio ukabadilika. Mnajua kinu kitupu kinavyolia. Akaomba ndoo ya maji, akayamwaga pale pale.

Maji hayakutandaa. Yalinywewa. Tukatega masikio, na baada ya kitambo tukayasikia yakidondoka, mbali sana, chini ya miguu yetu.

Alitusukumia mlangoni. Akalala kifudifudi, akafukua kwa ncha ya jembe. Palikuwa na magogo ya mnazi yaliyooza, na chini ya magogo kisima cha kale, cheusi, kimetulia. Baridi yake ikatupiga usoni.

Shemeji alikaa chini. Akasema alikikuta siku ya msingi. Aliona haya kutuambia sisi wakwe zake kwamba kazi ianze upya, akakifunika, akazua wenyewe ili mtu asiingie kutazama. Kisha, huku analia, akasema kile alichokizua kilianza kumwita jina. Hakujua tena lipi kalitunga na lipi la kweli.

Tulivunja, tukajenga upande wa pili wa kiwanja. Shemeji ndiye aliyejenga, na bwana wa Kengeja akija kukagua: msingi kabla haujafukiwa, kuta kabla hazijasiribwa, paa kabla hatujahamia. Wenzetu siku hizi wananuniana kwa vyama vya siasa. Mie dada yangu alininunia kwa fundi. Idi ilipofika akaja kula, tukacheka. Mama aliingia chumba kikavu, na humo ndimo alimofia. Kisima tumekijengea mdomo, na nyinyi mnachota.

Namshukuru Mungu, na jirani yangu huyu mkaidi, na bwana yule wa Kengeja, na shemeji pia, kwa kukubali kurudia. Ajenge umpendaye, lakini akague mtu asiyekula naye chungu kimoja, na akague kabla kitu hakijafunikwa. Fikirieni mngekuja siku ile, kikundi kizima, mnaimba, mnakanyaga.

Bwana wa Kengeja alisema ile sauti ni mwangwi, kisima humrudishia mtu neno lake. Nilimwamini, kwani mie nilipiga hodi nikarudishiwa hodi. Mama alipokuwa kitandani mwishoni, nikamweleza hivyo ili nimtulize. Akanitafuta mkono.

"Wewe ulirudishiwa hodi," akasema. "Mie niliambiwa karibu."