Rubani Aliyeshuka wa Mwisho

Marehemu, ambaye hata wajukuu walimwita Kapteni, alizaliwa tarehe 12 Juni 1947 katika chumba cha nyuma cha duka la mama yake, fundi cherehani. Alikuwa wa pili kati ya watoto watano. Akiwa na miaka tisa aliifungua cherehani ya mama yake aone kinachoizungusha. Aliirudisha ikashona vizuri, ila skrubu mbili zikabaki mezani. Hadi uzeeni alishikilia kwamba hazikuwa na kazi.

Alisoma shule ya msingi na sekondari mtaani kwao, na kwenye hesabu alikuwa moto wa kuotea mbali. Mwaka 1967 alichaguliwa kuingia chuo cha urubani cha jeshi la anga.

Vita vilipozuka aliruka na ndege ya kivita mara kumi na saba. Kazi aliijua, na hakujifanya haijui. Lakini tarehe 3 Mei 1974 ziliondoka ndege mbili, ikarudi moja. Aliyepotea ni rafiki yake, aliyeitwa Mrefu kwa sababu alikuwa mfupi. Kapteni alizunguka mara mbili akimtafuta, mafuta yakakaribia kwisha, akageuza. Alikwenda mwenyewe kumpa habari mama yake Mrefu, naye akamuuliza jambo moja tu: "Ulimwacha wapi mwenzako?" Swali hilo lilimkaa rohoni miaka kumi na mitano.

Mwaka 1976 alijiunga na shirika la ndege. Kila safari alisubiri abiria wote washuke, kisha akapita akichungulia chini ya viti. Wenzake walimtania kwamba anawanyang'anya wafagiaji kazi.

Tarehe 18 Desemba 1977 alimwoa mwalimu wa jiografia. Alikataa kuondoka ukumbini mpaka mgeni wa mwisho apate usafiri, bibi harusi akapitiwa na usingizi garini. Mjane wake hajalisahau hilo.

Tarehe 21 Agosti 1989 injini ya ndege aliyoiongoza ilishika moto wakati wa kutua. Abiria walikuwa themanini na wanne. Nje wakahesabiwa themanini na watatu. Kapteni alirudi ndani ya moshi, akamkuta mzee mmoja amepiga magoti, anatafuta kiatu cha kushoto. Mzee alitoka, kiatu kiliungua. Wiki hiyo Kapteni alikwenda kwa mama yake Mrefu, akamsimulia. Mama akamshika mkono akasema, "Sasa pumzika, mwanangu."

Alistaafu mwaka 2007. Moyo ulianza kumsumbua Januari 2021. Alasiri ya tarehe 14 Oktoba 2023, akiwa kitandani kwake, alimuuliza binti yake mkubwa, "Wote wamefika?" Binti akawataja mmoja mmoja mpaka wakatimia. Kapteni akaitikia kwa kichwa, na saa kumi na robo akafariki.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba. Pumziko aliloambiwa mwaka 1989 amelikubali leo. Apumzike kwa amani, Kapteni wetu. Wote tumeshuka salama.