Pua ya Kaka Yangu

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa kikundi, asanteni kwa kunipa nafasi. Kosa langu nilitaje mapema: nilimpelekea daktari picha ya pua ya kaka yangu, nikasema ni yangu.

Mnanijua, fundi simu wa hapa Mkata. Ufundi nilijifunza mwenyewe, na simu nikishaifunga naifungua tena kuhakikisha. Sasa nyama ziliniota puani, nikawa napumua kwa mdomo, na kichwa kikiuma hata kuinama mezani siwezi. Hospitali ya Korogwe wakaniambia ni upasuaji: wanapitisha kijibomba chembamba chenye kamera puani. Ila kwanza nikapige picha ya CT, ile ya mashine inayoonyesha mifupa ya ndani ya kichwa.

Ndugu zangu, hapo woga ukanikamata. Nilisoma kwenye simu mpaka nikajua kwamba wanapokata, jicho liko pembeni tu na ubongo uko juu. Kaka yangu wa Misima alishafanyiwa upasuaji huohuo, akapona. Nikawaza: baba mmoja, mama mmoja, watu wanatuchanganya hata barabarani. Picha yake imeshaleta heri. Yangu mpya, nani ajuaye itaonyesha nini? Nikaichukua.

Daktari, mama mmoja mpole, aliitazama kwenye taa. Akanichungulia puani kwa kamera. Akairudia picha, kisha akanigeukia.

"Hapa nyama ziko kushoto. Kwako zimejaa kulia. Mwanangu, hii pua ni ya nani?"

"Ya kaka, daktari. Tunafanana sana."

"Kwa nje," akasema.

Akanituma nikapige yangu. Ilipotoka, akaziweka zote mbili pamoja. Kwa kaka, mshipa wa fahamu wa jicho umefunikwa na mfupa mnene. Kwangu, upande wa kulia, mshipa huo umepita ndani kabisa ya chumba cha nyuma cha pua, na mfupa unaoufunika ni mwembamba mno. Dari la pua nalo limeshuka kuliko la kaka.

"Ningekupasua kwa ramani ya mwenzako," akasema, "ningeweza kukupofua."

Jicho ndilo kazi yangu.

Siku ya upasuaji alipita taratibu, picha yangu mbele yake, na kule nyuma kwenye mshipa hakugusa. Nilipozinduka nilifumba jicho la kushoto kujaribu la kulia. Nikaona kitenge cha mama mwenyekiti wetu aliyeketi kando ya kitanda, maua yake yote. Nikalia kama mtoto.

Mama mwenyekiti, asante kwa kukaa nami wodini. Na ninyi mliopokea simu mbovu za wateja wangu, asanteni. Kaka bado ananicheka, eti pua niazime lakini nirudishe.

Ninachowaomba: mkiambiwa mpige picha, pigeni ya kwenu, na ya mtu mwingine msiipeleke kwa daktari. Ndani hatufanani, hata ndugu wa tumbo moja.

Woga haujaniisha. Lakini sasa nikiingia kwa daktari nasema ukweli wote kabla hajaniuliza.