Mzee Tulia na Jino Lililolala Ubavu

Tarehe thelathini mwezi huu Mzee Tulia anarudisha ufunguo wa chumba cha picha za eksirei, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwaambia watu wafumbe midomo huku amewajazia filamu humo humo. Uongozi wa kliniki ya meno ulitafuta mtu wa kumwandikia wasifu. Wasomi wote walikuwa na shughuli, nikabaki mimi, mmimina plasta ya sanamu za meno, niliyepakana naye ukuta kwa ukuta. Hawakukosea. Mwandiko wangu mbaya, lakini macho mazima.

Jina la Tulia alilipata kazini. Mtoto akiingia, tulia. Mtu mzima akikohoa, tulia. Siku moja daktari mkuu alikwenda kumuuliza jambo kwa haraka, akaambiwa tulia, akatulia, mikono kifuani, mpaka picha ikaisha. Na picha haiishi upesi, maana bwana huyu ni mwepesi kama kabati. Nimemimina chapa za meno za familia nzima, zikakauka, nikazichonga, yeye bado anapima mashine kwenye shavu la mtu mmoja.

Tumebishana sana kazi ya nani ni bora. Plasta inashikika. Daktari wa waya akitaka kupanga meno anaigeuza mkononi, anaona lipi limepanda, lipi limerudi nyuma. Picha ya eksirei ni vivuli tu, kijivu juu ya kijivu. Nilimwambia hivyo mbele ya watu, akajibu, "Jirani, plasta yako inawajua waliofika tu. Mimi nawajua waliokwama njiani." Watu wakacheka. Hapa watu hawana kazi.

Basi akaletwa mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, ana jino la utoto lisilotaka kung'oka pale panapokaa chonge. Nilimmiminia plasta safi kuliko zote zilizowahi kutoka kliniki hii. Hakuna dalili ya chonge, hata kivimbe. Nikamwambia binti yangu jino halipo, la utoto ling'olewe, pengo lizibwe kwa la bandia, mambo yaishe. Daktari wa waya akasema kwanza twende chumba cha picha. Nikajua tutalala huko.

Picha ya kwanza ikaonyesha chonge lipo, limejilaza ubavu ndani ya mfupa kama limelipia chumba, ncha yake imegusa mzizi wa jino la mbele. Daktari akasema likiachwa litaula ule mzizi, na mtoto atalipoteza jino la mbele. Binti yangu akakaa chini. Mimi nikasema lichimbwe leo leo. "Lichimbiwe wapi?" daktari akauliza. "Kwa mbele kwenye ufizi, au kwa nyuma kwenye kaakaa?" Picha moja haikuweza kusema.

Mzee Tulia, bila haraka hata hapo, akasogeza mashine upande wa kushoto na kupiga ya pili. Nilipofoka, akanivuta dirishani. Kulikuwa na nguzo ya geti, na gari la daktari nyuma yake. "Sogea kushoto," akasema. Nikasogea, na gari nalo likachomoza kushoto mwa nguzo. "Umeona? Kilicho nyuma kinakufuata." Kwenye picha ya pili, chonge lilikuwa limeifuata mashine. Kwa hiyo lilikuwa nyuma, upande wa kaakaa.

Daktari alipanga kazi yote kwa picha hizo mbili. Kaakaa likafunguliwa pale pale, jino likabandikwa kidude chenye mnyororo mwembamba, waya ikaanza kulivuta, kwanza liachane na ule mzizi, kisha lishuke. Ilichukua mwaka na zaidi. Kila picha ya kufuatilia ilipopigwa, Mzee Tulia alinifungia mlango, eti napumua kwa nguvu. Hata hivyo sifa zisiwe zake peke yake: mtoto yule anajua kukaa bila kutikisika kwa sababu mimi ndiye niliyemlea.

Wiki iliyopita jino likatoboa. Mtoto alilisikia kwa ulimi akiwa darasani, akaja mbio na sare zake, akapita mlango wangu uko wazi, nimekaa, namwona, akaingia kwa jirani. "Babu Tulia, limetoka! Tazama!" Mimi nilionyeshwa baadaye, baada ya mfagiaji. Picha ya mwisho aliyopiga mzee huyu ni ya jino hilo, na mzizi wa jino la mbele ni mzima, haukuliwa.

Mzee Tulia, nenda kapumzike. Usijaribu kumwambia mkeo atulie, utalala nje. Wote hapa tunakuombea afya na siku njema nyumbani. Na kwa jino la mtoto, asante. Neno hilo nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo usije ukanitaka nilitamke.