Mlango wa Fundi Kitasa

Ndugu waombolezaji, nyamazeni kidogo, wa nyuma sogeeni, mimi ndiye dada yake marehemu, shangazi mwenye mdomo mnayemjua, familia imeniambia nisome kwa kifupi na nisicheke, kwa kifupi nitajaribu.

Kaka yangu, Fundi Kitasa, alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, akamaliza darasa la saba mwaka 1973, hapo katikati alishafungua kabati la mwalimu mkuu kwa pini ya nywele zangu, viboko akala yeye, pini sijarudishiwa mpaka leo.

Mwaka 1976 akaanza kazi ya vitasa na funguo pamoja na mwenzake, Mashoto, tuliyemwita hivyo kwa mkono wake wa kushoto, huyo hapo safu ya mbele, wakafungua karakana, wakala sahani moja kama mapacha. Tarehe 2 Agosti 1986 duka la sonara waliloliwekea kitasa likaibiwa, mlinzi akauawa, mlango haukuvunjwa, ulifunguliwa kwa ufunguo, kaka akawekwa ndani miezi saba, akaachiwa kwa kukosa ushahidi, ila jina la mwizi likabaki, hata ninyi wengine mnaolia kwa sauti hapo mlimwita hivyo.

Alipotoka, yeye na Mashoto wakaunda kitasa cha karakana yao, kichwa chini miguu juu, ufunguo unazungushwa kinyume huku goti linainua mlango, bila hivyo hakifungi wala hakifunguki.

Tarehe 20 Desemba 1990 akamwoa wifi yangu, wakapata mabinti wawili. Wifi, ufunguo wake mkononi, miaka yote hakukiweza kitasa kile, "Baba watoto, nifungulie, chai inapoa!" naye ndani anamjibu, "Piga goti, mke wangu, piga goti!" mtaa mzima tunashika mbavu.

Upande wa maradhi, alikuwa na sukari na presha, lakini si hayo yaliyomuua. Mwezi uliopita duka lile la sonara lilibomolewa, mafundi wakaokota mtaroni ufunguo wa pili, umekula kutu, wakamletea autambue, akayatazama meno yake, alama za tupa zimelala kushoto, akaniambia, "Mdogo wangu, nitamuuliza mwenyewe kwanza, ni mwenzangu huyu." Tarehe 11 Mei majirani wakamkuta karakana, kapigwa nyundo kisogoni, mlango umefungwa kwa nje, wakaingilia dirishani. Polisi wakasema ufunguo wa marehemu umo mfukoni mwake, Mashoto kaapa wake ulipotea zamani, uliobaki anao mkewe, wakamchukua, ndiyo maana mjane hayupo hapa.

Jana nikamwomba afande amlete mlangoni akifunge kitasa, wifi akahangaika mpaka akalia. Wanaokiweza tulikuwa watatu, mmoja yumo kwenye jeneza, wa pili mimi, siku ile nilikuwa nimelazwa hospitali ya macho na bandeji usoni, nesi wangu yule pale.

Tunamshukuru daktari aliyesema hakuanguka, alipigwa, majirani mliopika na kufua, mafundi wenzake mliochonga jeneza, na afande aliyesimama getini, asante kwa kusubiri nimalize.

Mashoto, mbona unainuka, kaa, jeneza watabeba wengine.

Kaka, gari la kumleta mkeo limeshatoka kituoni, hatukufukii mpaka afike, na leo hana haja ya kukupigia kelele mlangoni, pumzika kwa amani.